Swali la Saba kwa Mjomba Makarius

Daktari Yusta alikuwa mtu wa kujiamini, na wala hakuona haja ya kuuficha ujasiri wake. Kuna watu wakisoma sana, wakirudi kwao hujifanya wadogo ili wasisemwe. Yeye hapana. Mwezi wa tano mwaka 2003 alishuka Kilosa na gari la kukodi, masanduku matatu ya chuma, jenereta ya kupambana na mgao wa umeme, na barua yenye mihuri minne. Akaomba apewe ukumbi wa zamani wa ushirika, uliokuwa umebaki na popo tu tangu ushirika wenyewe ufe. Akapewa. Nani angemkatalia? Ndani ya wiki moja popo wamehama, kuta zimepakwa chokaa, na katikati ya ukumbi imekaa mashine ya kupimia umeme wa ubongo, na kofia yake yenye nyaya ishirini na moja.

Watu walisema mengi kuhusu ile kofia. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama inaweza kuonyesha aliyemwibia mbuzi. Yusta akamjibu kwamba haiwezi, labda mwizi aje mwenyewe aivae na aseme. Mzee akaondoka, hakuridhika.

Kazi yake ilikuwa pombe. Si kuinywa, maana hiyo wapo wenyewe, bali kujua inaufanyia nini ubongo wa mtu. Alianzia Mikumi, pale kwenye barabara kuu malori yanapolala. Tangu nchi ifungulie biashara ya nje, duka lililokuwa likiuza chumvi na viberiti lilikuwa sasa na pombe za nchi saba, pamoja na vile viroba vidogo ambavyo mtu anang'ata pembe na kumimina mdomoni huku anatembea. Yusta aliketi juu ya kreti kati ya wapakiaji mizigo, akawaeleza bila kuzungukazunguka.

"Ubongo wako una sehemu inayosema nataka, na sehemu inayosema ngoja kwanza. Kati yao kuna njia, kama kile kijia cha kwako kwenda kwa jirani. Msipotembeleana, kinaota majani. Pombe ndiyo inayowagombanisha. Mimi nataka kupima majani yameota kiasi gani, na mtu akiacha kunywa, kijia kinafunguka baada ya muda gani."

"Na ukikuta hakuna njia kabisa?" akauliza mmoja.

"Nimepima watu mia mbili na kitu. Sijamkuta huyo."

Walimpenda kwa jibu hilo. Watu thelathini na mmoja walijiandikisha: wapakiaji, mafundi wa malori, wanawake wawili wa baa. Nao hawakukatiwa pombe ghafla, la hasha. Mwili uliozoea kilevi kila siku, ukinyimwa kwa mara moja, hutetemeka, hutokwa jasho, na siku ya kwanza au ya pili mtu anaweza kuanguka kwa degedege akafa. Kwa hiyo nesi Kishiwa alilala nao wiki nzima, akiwapunguzia taratibu kwa vidonge na sindano za vitamini, ndipo wakapimwa. Hakuna aliyeanguka hata mmoja. Yusta alijivunia hilo kuliko shahada zake.

Lililobaki lilikuwa kundi la pili, la watu wasiokunywa kabisa, wa kulinganisha nao. Hao aliwachukua kwao, Mamboya, kule mlimani, kanisani. Wazee ishirini na wanne. Wangekaa ukumbini Kilosa siku tatu kabla ya kipimo, chakula kimoja, saa za kulala zilezile, na tone lolote la kilevi marufuku. Hawa hawakuhitaji vidonge wala ulinzi. Watu wa kanisa hao, unawalinda na nini?

Hapo ndipo yeye na Kishiwa walipogongana. Kishiwa alikuwa Msukuma wa Magole. Wazazi wake waliteremka na ng'ombe kutoka Magu yeye akiwa mgongoni. Mwanamke mnene, mchangamfu, mdomo hauna breki.

"Daktari, hawa wazee hawatakwambia ukweli," alisema. "Unamwamkia mtu shikamoo, unapiga na goti, halafu unamuuliza kama analewa? Atakujibu nini? Niache niwaulize mimi. Mimi mtani wao."

Ni kweli. Wasukuma na Wakaguru, ndio watu wa Mamboya, wanataniana tangu enzi za wapagazi, na mtani hana adabu wala hadaiwi adabu. Kishiwa angeweza kumwita mzee wa miaka sabini mlevi mkubwa wewe, na mzee angecheka na kumjibu nyamaza, mla michembe, vile viazi vikavu vya kwenu.

Lakini Yusta hakutaka kusikia. "Utafiti si harusi, Kishiwa. Fomu ina maswali kumi na mawili. Yanasomwa yalivyoandikwa, kwa kila mtu, kwa sauti ileile. Huyu nikimuuliza kwa kicheko na yule kwa heshima, nitakuwa nimeuliza maswali mawili tofauti. Nitawauliza mwenyewe."

Akapanda Mamboya, akazunguka nyumba kwa nyumba siku nne, akarudi na fomu ishirini na nne safi. Hakuna anayekunywa. Kishiwa alizipekua, akaguna tu.

Jumatatu mchana basi la Mamboya likawashusha wazee na mikeka yao. Mbele alikuwa Bibi Costancia, kiongozi wa kwaya, akipanga watu nani alale wapi kana kwamba ukumbi ni wake. Nyuma kabisa alikuja Makarius, mzee wa kanisa, mrefu, koti la kaki limefungwa vifungo vyote. Yusta aliacha alichokuwa anafanya, akaenda, akapiga goti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Inuka, utachafua koti lako jeupe."

Sasa, ukitaka kujua mjomba ni nani kwa Mkaguru, usimtafute kwenye hesabu ya kina baba. Ukoo ni wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye mtoto. Baba yake Yusta alipofariki, Yusta alikuwa darasa la tano. Makarius alikuwa mpiga ishara za treni pale Kidete. Mshahara wake ndio uliolipa shule, sare, godoro la bweni, mpaka nauli ya kwenda chuo kikuu. Hata reli ilipopunguza watu mwaka tisini na nne naye akapunguzwa, aliuza mahindi, Yusta akamaliza. Yusta alimpenda kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na alikuwa tayari kulisema hilo mbele ya yeyote.

Jumanne asubuhi, kwenye uji, kikombe cha Makarius kiligonga meza. Akakishika kwa mikono miwili. Kikagonga tena. Akakiacha.

"Homa," alimwambia mpwa wake. "Hii hali ya hewa ya bondeni siiwezi."

Yusta akamtoa damu, akaipeleka kwa mtu wa darubini. Hakuna malaria. Saa nne shati la mzee lilikuwa limelowa mgongoni na jua halijawa kali. Saa saba alikuwa akishtuka kila mtu akiburuta kiti. Kishiwa alipita karibu yake mara tatu akijifanya anafagia, kisha akamvuta Yusta nyuma ya jenereta.

"Daktari, mimi nimelala na wale wa Mikumi wiki nzima. Ile mikono naijua."

"Usithubutu," alisema Yusta. Damu ilimpanda mpaka masikioni. "Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Hajawahi. Mimi nimekulia mikononi mwake, wewe umemwona jana."

"Sawa. Nionyeshe fomu yake."

"Ya nini?"

"Nione alivyokujibu."

Yusta akaenda kwenye sanduku, akaitoa, akampa kwa hasira. Kishiwa akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye swali la saba: katika siku thelathini zilizopita, ni siku ngapi umekunywa bia, komoni, kangara, gongo, kiroba au kilevi kingine chochote? Kwenye fomu za watu wengine pameandikwa sifuri, au sijawahi, au siku ya harusi yangu tu mwaka hamsini na tisa. Hapa pameandikwa neno moja: Hapana.

"Swali linauliza siku ngapi," alisema Kishiwa taratibu. "Jibu ni hapana. Alisema hivyo?"

Yusta akainama kulitazama lile neno.

Mjomba hakusema hivyo. Ilikuwa sebuleni kwa Makarius, mke wa mjomba, ambaye Yusta humwita shangazi, analeta chai, picha ya mahafali ya Yusta iko ukutani juu ya kichwa cha mzee. Alisoma swali la kwanza mpaka la sita vizuri kabisa. Kufika la saba, masikio yakamchemka. Unamuulizaje kaka wa mama yako, aliyekuvalisha viatu vya kwanza vya shule, kama anakunywa gongo? Akaangalia karatasi, akaandika hapana, na la nane akaliruka na la tisa akaliruka, akaendelea na la kumi kuhusu usingizi. Ilichukua muda wa kupuliza chai tu. Mtafiti mzima, mwenye mihuri minne, aliyemkatalia mwenzake utani kwa jina la sayansi, alijijibia mwenyewe! Na mpaka siku ile hakuwa ameona kama ni kosa. Alidhani ni adabu.

"Sikumuuliza," alisema.

Kama kuna siku Kishiwa alikuwa na haki ya kucheka, ni ile. Hakucheka. Alikunja fomu, akamrudishia.

"Amefika jana saa sita. Kama alikunywa asubuhi, leo ndiyo siku ya degedege," alisema. "Tumpe dawa sasa hivi."

Walipoingia ukumbini, Makarius alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkeka umekunjwa, begi miguuni. Basi la kupanda Mamboya linaondoka saa nane.

"Narudi nyumbani," alisema. "Homa yangu naijua dawa yake."

Kishiwa akamweleza kwamba kuna vidonge na sindano palepale. Mzee akamtazama kwa jicho kali.

"Zile mlizowapa walevi wa Mikumi? Mimi?"

Yusta akapiga hesabu. Njia ya Mamboya ni saa tatu za kona na mashimo. Mzee akianguka kwa degedege mle ndani ya basi, kati ya magunia na kuku, nani angejua la kufanya? Na akifika salama, atakunywa, mikono itatulia, na hatarudi kamwe kukaa karibu na mpwa wake mwenye mashine. Akaona waziwazi kwamba anaweza kumpoteza kabla ya jua kuzama, na kwamba aliyemfikisha pale ni yeye.

Akamvuta Kishiwa pembeni. "Muulize wewe. Nakuomba. Ulisema wewe ni mtani wake."

"Siku ile ningemuuliza. Leo hapana," alisema Kishiwa. "Leo nikimuuliza, atacheka, atasema ndiyo, mimi mlevi, kisha atasema nilikuwa nakutania wewe Msukuma, apande basi. Mimi nahitaji kujua anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho saa ngapi, nijue kipimo cha dawa. Na yeye mwenyewe akubali kuchomwa. Hayo hasemi kwa mtani. Wale wazee wengine niachie. Huyu ni wako."

Yusta akachukua kigoda, fomu na kalamu. Wazee wa Mamboya walikuwa wamekwisha kunusa jambo. Walisogea na kusimama karibu, Bibi Costancia mbele, mikono kifuani. Yusta akataka kuwaomba watoke, akaona hakuna muda. Akaketi miguuni pa mjomba wake kama alivyokuwa akiketi zamani kusomewa barua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Nimekosea kazi, nataka kurudia. Siku ile nyumbani kuna swali sikukuuliza. Nilikuandikia jibu mwenyewe."

"Uliandika nini?"

"Hapana."

Mzee akaangalia mikono yake ilivyokuwa ikicheza juu ya magoti. Akaikalia.

Yusta akasoma. Sauti ilimkatika kwenye neno gongo, akarudi mwanzo wa swali akalisoma lote tena, kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, kama alivyowasomea wapakiaji wa Mikumi. Kisha akasubiri. Kalamu haikugusa karatasi. Kule stendi basi likapiga honi ya kwanza.

"Zote," alisema Makarius.

Yusta akaandika thelathini, akauliza kiasi gani. Chupa moja ya soda, alisema mzee, nusu alfajiri kabla shangazi yako hajaamka, nusu jioni. Gongo. Tangu lini? Tangu reli iliponipunguza. Mara ya mwisho lini? Jana saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya choo, kabla ya kupanda basi la kuja kwako.

"Kishiwa," alisema Yusta bila kugeuka, naye Kishiwa alikuwa tayari ana bomba la sindano mkononi, anahesabu dawa.

"Mjomba, unaumwa," alisema Yusta. "Si dhambi hii ninayoitazama, ni ugonjwa, na mimi naujua kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Dodoma. Ukikubali dawa, kesho kutwa utakuwa umekaa unakula ugali na mikono yako imetulia. Ukipanda lile basi, sijui kama utafika. Nakupenda, sitaki ufe."

"Nakubali," alisema Makarius. Akakunja mkono wa koti. Sindano ikaingia, na vidonge viwili, na maji, Kishiwa amemshikia kikombe. Honi ya pili ikalia, basi likaenda zake.

Yusta akasubiri mpaka pumzi za mzee zitulie. Kuna jambo lilikuwa linamkwaruza, halikuwa kwenye fomu, akaliuliza hivyohivyo.

"Nani mwingine anajua?"

Makarius akamtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuumiza kuliko yote.

"Shangazi yako anajua. Mchungaji anajua. Kwaya nzima inajua. Mlinzi wa kanisa ndiye hunirudisha nyumbani. Mamboya yote, mpwa wangu, ni wewe tu."

"Miaka tisa?"

"Ukija likizo tunaambizana hivi: Mtoto wetu amesomea ugonjwa huu mpaka Ulaya. Akijua uko nyumbani kwake, atadhani tumemsomesha bure. Basi tukakuficha. Nawe hukuuliza."

Yusta akalia. Hakujificha, hakwenda nyuma ya jenereta. Alilia palepale kwenye kigoda, mbele ya wazee wote wa Mamboya, mpaka kola ya koti jeupe ikalowa. Kijiji kizima kilikuwa kimemtunza kama mgonjwa. Alipomaliza akajifuta kwa kiganja, akakata neno hapana kwa mstari mmoja, akaandika herufi za jina lake pembeni, akaona bado anaweza kuandika vizuri.

"Swali la nane, mjomba," alisema.

"Soma kwa sauti kubwa," alisema Makarius. "Kuna watu hapa wawili au watatu wananizidi kwa kunywa, na wao wamefika jana kama mimi."

Yusta akainua kichwa, akawatazama wazee wa kwao mmoja mmoja, na safari hii hakuinamisha macho. "Je, umewahi kutaka kuacha ukashindwa?" akasoma, sauti ikafika mpaka kwenye mabati.

Wanaume wakaangaliana. Bibi Costancia akawapita wote, akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda kando ya Makarius, na kuanza kukunja mkono wa gauni lake.